Siti za ngozi zimebabuka, nikazipaka rangi ya viatu, sasa nina kesi na baba mkwe

MwalimuWaRaskazone

Wakuu, habari za jioni. Nina jambo la aibu kidogo lakini nitalieleza lote, msije mkanipa ushauri nusunusu.

Nina Harrier ya 2005, ile wanayoiita tako la nyani. Niliinunua mkononi kwa mtu miaka miwili iliyopita. Injini haina neno. Shida ni siti. Ni za ngozi, rangi ya chai ya maziwa, na siti ya dereva ule ukingo wa upande wa mlango, pale paja linapoburuzika ukishuka, umebabuka wote. Rangi imetoka, pamebaki kijivu chenye manyoya. Sehemu ya kukalia ina nyufa kama kisigino kisichojua mafuta. Na karibu na mshono pamechanika kama urefu wa kidole changu cha shahada, sponji ya njano inachungulia, nikishuka natoka na makombo yake kwenye sketi kama nimekula andazi ndani ya gari.

Fundi mmoja wa hapa Tanga aliniambia dawa ni kuvua ngozi yote na kuvisha reksini, ile ngozi ya bandia, laki nne siti mbili za mbele. Nikajisemea mikono ninayo. Nikanunua makopo mawili ya rangi ya viatu, ile ya kahawia hafifu, nikapaka jioni mbili mfululizo siti zote mbili, nikasugua kwa brashi hadi zikawaka. Nilipiga hadi picha nikawatumia walimu wenzangu.

Ijumaa yake baba mkwe akaomba nimpeleke msikitini. Kanzu nyeupe, mpya, mwanawe kamletea kutoka Muscat. Jua la saa sita, gari lilikuwa nje. Alivyoshuka nikaona mgongoni ramani nzima, na chini ya mgongo sehemu ambayo siwezi kuitaja hapa. Mzee hakufoka. Alijitazama kwenye kioo cha gari, akaniambia, "Mwanangu, gari lako linatoa jasho," akaingia kuswali hivyohivyo.

Naombeni: (1) hii rangi ya viatu inatokaje, (2) siti zinaokoleka kwa mikono yangu au nijisalimishe kwa reksini?

Tegeta_Kibaoni

Pole mwalimu. Nunua kava, vaa, maisha yaendelee. Kariakoo zimejaa. Hakuna atakayejua kuna nini chini.

Mzalendo_Mkinga

Kava jasho tupu. Sisi kwetu ngozi yoyote ikikauka tunapaka mafuta ya nazi. Siti yako imekauka ndiyo maana inapasuka. Paka usiku, acha ilale nayo, asubuhi futa. Fanya wiki moja utanishukuru.

FundiSindano

Dada Mwalimu, nimecheka mpaka vijana wangu hapa karakana wameniuliza kuna nini. Niwie radhi. Nimeshona siti na sofa Keko miaka 19, siku hizi jicho limeanza kugoma kutunga uzi, nimebaki zaidi na ukarabati wa ngozi. Kwa hiyo swali lako limeniangukia mlangoni.

Kabla ya yote, mafuta ya nazi HAPANA. Ndugu yangu wa Mkinga usinune, nitaeleza.

Ngozi ya siti ya gari haifanani na ya kiatu. Kiwandani wameipaka rangi juu, kama unavyopaka ukuta, halafu juu ya rangi wakaweka klia, utando mwembamba wa plastiki unaolinda. Ukigusa siti yako, unachogusa ni huo utando. Kilichobabuka pale mlangoni ni rangi, ngozi yenyewe mara nyingi iko salama chini yake, hayo manyoya ya kijivu ndiyo ngozi. Sasa rangi yako ya viatu ni nta na rangi, haikuwa na pa kuingia. Ilikaa juu kama siagi kwenye sahani, ikasubiri joto la Tanga na mgongo wa mzee. Mafuta ya nazi nayo ni hayohayo: pale penye utando hayaingii, yanakamata vumbi, pale penye ufa yanaingia, na hapo ndipo yanapoharibu kazi, maana rangi mpya haishiki juu ya mafuta. Nimeshaletewa siti iliyolishwa nazi mwaka mzima. Niliiosha mara tano bado inatoa harufu ya wali.

Sasa kazi yenyewe. Nitakwambia ninavyofanya mimi.

Anza kwa kujua nini ni ngozi na nini si ngozi. Magari mengi ya Japani yanayoitwa ya ngozi, ngozi iko pale unapokalia na kuegemea tu. Mbavu za nje na mgongo wa siti unaotazama abiria wa nyuma ni plastiki iliyopigwa chapa ya vinyweleo. Pale palipochanika, pindua ukingo utazame upande wa chini: ukiona nyuzinyuzi zilizosokotana kama flaneli, ni ngozi, ukiona kitambaa kilichofumwa, ni plastiki. Ukitaka na kipimo cha maji, dondosha tone mahali ambapo HUKUPAKA rangi ya viatu, maana penye nta kila tone litasimama. Likisimama kama shanga, utando upo. Likizama likaacha doa, hapo ni ngozi tupu.

Kusafisha ndiyo kazi. Watu wanadhani kazi ni kupaka rangi. Mimi siti moja nikiishughulikia siku nzima, mpaka baada ya chakula cha mchana bado nasafisha. Nta ya viatu ianze kuondoka kwa tapentaini, ile ya duka la rangi, kidogo kwenye kitambaa cheupe, unafuta upande mmoja, unageuza kitambaa, usisugue mahali pamoja. Usichukue tina! Tina itavua nta, rangi, na heshima ya siti kwa pamoja. Kitambaa kikianza kutoka cheupe, ingia na sabuni laini ya maji iliyochanganywa na maji ya vuguvugu. Lile povu tu ndilo uchukue, kwa brashi laini, mswaki wa zamani kwenye mishono. Usimwage maji, sponji ikinywa maji kwa hali ya hewa ya pwani utafuga ukungu humo ndani. Sabuni ya unga na jiki usivilete karibu.

Ikikauka, futa na spiriti, ile angavu kama maji, isiwe yenye rangi. Kisha pitisha kidole. Kidole kikiteleza, bado pana nta au ile silikoni ya kung'arishia dashibodi ambayo waosha magari wanapulizia kila kitu bila kuulizwa. Kidole kinatakiwa kikwame kidogo, kilie kama sahani iliyooshwa vizuri. Hapo ndipo unaweza kuanza kufikiria rangi.

Nyufa: msasa namba 400 kulainisha kingo za ufa, halafu 800 kumalizia, mkono mwepesi. Hayo manyoya ya kijivu yalaze kwa msasa, futa vumbi, yapake gundi ya maji ya ngozi, nyepesi kama maziwa, ikanyonywe iyashike. Ufa wenye kina unazibwa na puti laini ya ngozi. Nasema YA NGOZI. Puti ya bodi ya gari ni jiwe, ukikaa mara moja inapasuka na kukuchoma. Weka kwa kisu butu cha plastiki au kadi ya simu iliyokwisha, tabaka jembamba, ikauke, msasa, tabaka jingine. Ukiweka nene kwa mara moja juu inakauka, ndani inabaki mbichi, baada ya wiki inanywea unabaki na shimo.

Palipochanika: kata kipande cha jinzi kuukuu, kikubwa kuliko mchaniko sentimita mbili kila upande, kona zake zipige mviringo. Kiingize chini ya ngozi kwa kibanio cha nyusi, kilale bapa. Paka gundi inayonyumbulika katikati ya jinzi na ngozi, vuta kingo zikutane, weka mzigo juu, mimi natumia biblia ya mke wangu iliyofungwa kwenye mfuko wa nailoni. Ngoja usiku kucha. Kisha puti juu ya mstari. Lakini umesema ni KARIBU NA MSHONO. Je, ni ngozi iliyochanika au ni uzi uliokatika? Hebu tazama tena. Uzi ukikatika dawa yake ni uzi.

Rangi: iwe ya maji, ya akriliki, ya ngozi. Ya ukutani na ya bodi zote mbili zitapasuka. Kulinganisha rangi usitumie siti yako ilivyo sasa. Ng'oa ile sehemu ya kuwekea kichwa, chini yake ngozi haijaona jua wala mkono. Isafishe, hiyo ndiyo rangi ya kweli ya gari lako. Na ujue rangi ya maji ikiwa mbichi huonekana hafifu, ikikauka inakolea, kwa hiyo paka kwanza pahali pa siri, kausha, ndipo uhukumu. Tabaka la kwanza gongagonga na kisponji, usiburuze. La pili na la tatu jembamba kabisa, unakausha na draya ya nywele katikati. Usifanye juani, rangi inakauka kabla haijakaa. Chupa ya mililita 250 inakutosha siti mbili za mbele na itabaki ya kuziba michubuko.

Klia mwisho, isiyong'aa sana. Siti inayong'aa kama jeneza la tajiri ujue fundi hakujua kazi.

Tegeta_Kibaoni

Fundi umeandika msahafu mzima. Bado nasema kava.

Likoni_Feri

Jamani hamjambo. Mie niko Mombasa na hilo neno la kava ndilo limenitoa mafichoni. Mwalimu, kabla hujavisha kava wala kushona chochote, chungulia ubavu wa siti, upande wa mlango, kama pana kitambulisho kidogo kimeandikwa SRS AIRBAG. Kikiwapo, maana yake ndani ya huo ubavu mna mfuko wa hewa, na ukilipuka hupasulia njia kwenye mshono. Ule mshono umeshonwa kusudi ukatike. Ukivisha kava la kubana lisilo na nafasi hapo, au ukipiga uzi wa nailoni wa kushonea mahema, mfuko hautatoka unavyotakiwa. Mshono huo mwachie anayeujua.

Jengine. Ukitaka kuitoa siti nje ufanye kazi kwa nafasi (na ndivyo vizuri, mie mgongo uliniuma siku tatu kwa kuinama mlangoni), zima gari, ng'oa waya wa hasi wa betri, ngoja. Toyota wenyewe wanasema sekunde 90 au zaidi, mie hungoja nikanywa chai. Chini ya siti kuna soketi za waya, ya manjano ndiyo ya mfuko wa hewa. Usiirejeshe betri wakati soketi imechomolewa. Mie nilitaka kuwasha redio nisikilize mpira wakati siti iko sebuleni, nikapata taa ya airbag kwenye dashibodi, ikakaa miezi miwili mpaka nikampata mtu mwenye mashine ya kuifuta.

Na kama siti ni zile za vitundu vitundu, puti na rangi nzito ziache, zitaziba.

MwalimuWaRaskazone

Asanteni sana, hasa Fundi. Nimerudi na tochi. Hakuna hicho kitambulisho cha SRS ubavuni na siti hazina vitundu. Fundi ulikuwa sahihi, ngozi haijachanika, ni uzi uliooza, matundu ya sindano yapo wazi yamepangana vizuri kabisa. Ila sponji ya hapo imelegea, nikibonyeza inaingia na hairudi. Nifunike tu au?

Pia, Mzalendo, mume wangu kasoma ushauri wako wa nazi akaupenda. Nimemficha chupa.

FundiSindano

Usifunike. Ukipaka rangi juu ya sponji iliyokufa, ngozi pale inajikunja kila unapokaa na miezi mitatu haiishi nyufa zimerudi palepale. Kwanza ukingo wako ulibabuka kwa sababu hiyo hiyo, sponji ilikwisha, ngozi ikawa inapondeka kwenye chuma.

Toa siti kama kaka wa Likoni alivyoeleza. Boliti nne, spana ya 14, mbili mbele mbili nyuma, sogeza siti nyuma upate za mbele, mbele upate za nyuma. Ifanye hiyo kabla ya kung'oa betri kama siti yako ni ya umeme, la sivyo itagoma kusogea. Ipindue. Ngozi imeshikwa kwa vipete vya waya, vikate kwa koleo, usivute kwa nguvu. Vua upande huo tu. Chonga sponji iliyokufa kwa kisu chenye meno, kata mpya ngumu, ile ya sofa usichukue ya godoro, gundisha, chonga upate umbo la upande wa pili. Pima kwa kiganja, macho yatakudanganya.

Kushona tumia matundu yaleyale. Usitoboe mapya, ngozi iliyotobolewa mara mbili inakuwa stempu, inakatika kwenye mstari. Uzi wa poliesta mnene, sindano iliyopinda, na uvute kila mshono kwa nguvu ileile.

MwalimuWaRaskazone

(wiki tatu baadaye)

Wakuu nimerudi. Naandika nikiwa nimekalia siti yenyewe, imeegeshwa barazani kwa sababu kipupwe kimekuja na manyunyu na sitaki kuirudisha kabla klia haijakomaa.

Kusafisha kumenichukua Jumamosi mbili. Vitambaa vyeupe kumi na moja, nilivihesabu kwa uchungu maana vilikuwa vipande vya shuka langu. Ile rangi ya viatu ilipoisha ikaanza kutoka nyingine, nyeusi, mafuta ya mwenye gari aliyepita. Siti niliyoijua kuwa ya chai ya maziwa kumbe ni ya maziwa yenyewe, chai ililetwa na watu. Robo tatu ya nyufa nilizokuwa nalalamikia zilikuwa uchafu uliolala kwenye mikunjo. Nilikaa chini nikacheka peke yangu.

Kosa nililofanya ni puti. Niliambiwa nyembamba, nikaona nitamaliza lini, nikaweka moja nene kwenye ufa mkubwa. Siku ya nne katikati pakabonyea kama kitovu. Nikakwangua, nikaanza upya, tabaka tano, kila moja ikikauka wakati nasahihisha madaftari ya darasa la sita. Sasa ukipapasa kwa kidole unahisi kitu kidogo, kwa macho huoni mpaka uambiwe.

Kushona nilidhani kutanishinda. Matundu 34. Nilimwita mama jirani anayeshona mikoba ya ukili, akanionyesha kuingiza sindano kutoka pande zote mbili za tundu moja, kwamba uzi mmoja ukikatika mwingine unabaki. Tulimaliza kabla ya adhuhuri. Vidole vyangu vilikuwa na alama siku mbili.

Rangi nimechanganya mara nne. Mara ya kwanza ilitoka na kauwaridi, ikanibidi niongeze tone moja la njano na nusu tone la nyeusi, na nusu tone msiniulize nililipataje. Nililinganisha na ngozi ya chini ya kichwa cha siti kama ulivyosema, kwa mwanga wa mlangoni na si wa taa. Upande wa jua unaona tofauti kidogo kati ya iliyopakwa na mgongo ambao sikuugusa. Nimekubali.

Gharama yote, pamoja na rangi niliyoagiza Dar, sponji, uzi, gundi na mama jirani niliyempa kilo mbili za sukari, haikufika laki moja na ishirini. Siti ya dereva imebaki siku mbili ndiyo irudi. Ya abiria niliisafisha na kuipaka ikiwa ndani ya gari, haikuwa na mchaniko, ilishakauka wiki nzima. Niliijaribu kwa kitambaa cheupe chenye maji, nikasugua kwa nguvu, hakikutoka na kitu.

Ijumaa mume wangu alikaza siti yangu kwa muda kwa boliti mbili tu (najua, msinipigie kelele, ni mwendo wa dakika tano) nikampeleka mzee. Nikamwambia, baba, siti imetengenezwa, haitoi jasho tena. Akaitazama muda mrefu. Akasema "mashaallah, nzuri." Kisha akatoa gazeti mfukoni mwa kanzu, akalikunjua, akalitandika, akakaa juu yake.

Likoni_Feri

Boliti mbili!! Mwalimu wewe!

FundiSindano

Kazi nzuri sana dada, hiyo ya matundu 34 nitawaonyesha vijana. Siku mbili zikiisha ukiirudisha siti, boliti ziwe nne, mbili tena hapana.

Na mwambie mzee, kwa adabu, wino wa gazeti nao unahama.